Rashidi Mfaume Kawawa: Kutoka Filamu hadi Ualimu wa Taifa

Waandishi wengi wa historia ya siasa ya Tanzania huitaja kazi ya filamu ya Rashidi Mfaume Kawawa (1926–2009) kama jambo dogo la ujanani, kisha wakaiacha. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ina uzito katika historia ya sera ya lugha, na yanaichukua Ufipa kuwa mahali pa kuipimia hoja hiyo.

Kawawa alizaliwa Songea, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa serikalini katika ustawi wa jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikitengeneza filamu za Kiswahili kwa nia ya kuwafunza Waafrika. Kawawa aliigiza katika filamu hizo, miongoni mwao Muhogo Mchungu (1952), inayomhusu mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam. Mafunzo yalikuwa ya mtawala, lakini lugha ilikuwa ya watazamaji. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akashika Uwaziri Mkuu baada ya Mwalimu Nyerere kujiuzulu.

Tarehe 4 Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, ndiye aliyetangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huohuo. Alipokuwa Waziri Mkuu tena (1972–1977), utawala wa mikoa uliwekwa chini ya ofisi yake. Ndipo, mwaka 1974, Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, makao yake yakiwa Sumbawanga. Katika kipindi hicho kampeni ya kisomo iliyoendeshwa kwa Kiswahili ilipunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma nchini kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Kwa Mfipa wa Nkansi au Lyangalile, matokeo yalikuwa na sura mbili. Barua ya serikali sasa ilimfikia katika lugha aliyoweza kujifunza kisomoni, pasipo kumtegemea karani ajuaye Kiingereza. Lakini Kifipa, lugha aliyoinyonya kwa mamaye, hakikupewa nafasi darasani wala ofisini. Aidha, mtoto wake aliyefaulu kuingia sekondari alikutana na lugha ya tatu, kwani Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufundishia huko.

Hapana budi basi kuitathmini kazi ya Kawawa kwa kipimo kilichotokana na filamu zenyewe, yaani kwamba mafunzo huingia pale tu msikilizaji anapoielewa lugha yake. Kwa kipimo hicho, tangazo la 1967 lilifungua mlango wa ofisi, likasimama kwenye kizingiti cha sekondari. Kukivuka kizingiti hicho, bila kukizika Kifipa na lugha nyingine za jamii, ni kazi aliyowaachia warithi wake, na wanaisimu wamo miongoni mwao.