Gichin Funakoshi: Mwalimu wa karate aliyeanza upya ugenini akifagia bweni

Huenda umewahi kuwaona vijana wakijipanga mistari uwanjani, wamevaa nguo nyeupe, wakirusha ngumi na mateke kwa hesabu. Huenda wewe ni mmoja wao, au mtoto wako ameomba ruhusa ajiunge nao. Mtu aliyechangia sana mchezo huo kutoka kisiwa kidogo na kuenea duniani anaitwa Gichin Funakoshi. Alifika Tokyo akiwa mtu mzima, bila fedha, mbali na mke na watoto. Maisha yake yana mengi ya kutufaa.

Mtoto dhaifu

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 huko Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na watu wa nyumbani hawakutegemea angeishi muda mrefu. Alikua akiuguaugua.

Shuleni alifahamiana na mtoto wa Anko Azato, bwana mmoja aliyejua sana kupigana kwa mikono mitupu. Wakati huo mafunzo hayo yalikuwa ya siri, kwa hiyo Funakoshi alikwenda kwa mwalimu usiku, akiwa na taa mkononi. Majirani walimwona akipita kila usiku wakaanza kumshuku kuwa anakwenda kwenye nyumba za starehe.

Huko uani kwa Azato hakukuwa na mapigano. Alirudia mpangilio uleule wa hatua, kinga na ngumi, unaoitwa kata, usiku baada ya usiku, miezi mingi, mpaka mwalimu aridhike. Alitumia takriban miaka 10 kujifunza kata 3 tu. Alifundishwa pia na Anko Itosu. Miaka ikapita, akagundua kwamba yule mtoto mgonjwa sasa ni kijana mwenye afya.

Aliwahi kufaulu mtihani wa kuingia chuo cha utabibu, lakini chuo hakikupokea mwenye kifundo cha nywele walichofunga wanaume wa zamani, na familia yake haikukubali akikate. Nafasi ikapotea. Mwaka 1888 alipopata kazi ya ualimu ilimbidi akikate, na wazazi wake walikasirika sana. Alifundisha shule kwa zaidi ya miaka 30.

Ngumi zinaingia shuleni

Mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilitoka mafichoni ikaanza kufundishwa katika shule za Okinawa. Hapo walimu walikabili swali ambalo hata leo kila mzazi anauliza: je, mtoto hataumia? Itosu alitunga kata nyepesi kwa ajili ya wanafunzi, na mapigo ya hatari hayakutiliwa mkazo. Lengo likawa afya, nidhamu na mwili ulionyooka.

Kifaa kikuu kilikuwa makiwara. Huo ni ubao unaosimikwa ardhini, wenye kunepa kidogo, na sehemu ya juu imefungwa kamba ya majani makavu. Mwanafunzi hupiga taratibu kwanza, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, akigusa kwa vifundo 2 vya kwanza vya ngumi, yaani cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati. Nguvu huongezwa kadiri siku zinavyokwenda. Anayeanza kwa pupa huchubuka au kuteguka.

Tokyo, bila mke wala fedha

Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akamwalika kwenye ukumbi wake, na watu wengi wakamwomba abaki awafundishe. Alikuwa na zaidi ya miaka 50. Alibaki, na mke wake akabaki Okinawa.

Alipata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi waliotoka Okinawa. Ili aishi, alifagia vyumba, akatunza bustani na kulinda lango. Alikubaliana na mpishi wa bweni amfundishe karate, naye mpishi ampunguzie gharama ya chakula. Kuna wakati aliweka rehani kofia na nguo yake. Wageni walipokuja kumtafuta mwalimu mashuhuri wakamkuta akifagia, aliingia ndani, akabadili nguo, akatoka tena kama mwalimu.

Kama nawe ulikuwa mwalimu, fundi au muuguzi kwenu, na leo unafanya kazi yoyote inayopatikana, bila shaka unamwelewa.

Taratibu wanafunzi wa vyuo walianza kujaa. Mwaka 1924 alitoa mikanda myeusi ya kwanza, akifuata utaratibu wa judo. Alibadili pia namna ya kuandika jina la karate, likawa na maana ya mkono mtupu. Wanafunzi wa chuo kimoja walipoanza kupigana huku wamevaa mavazi ya kinga, hakukubaliana nao. Aliamini kwamba msingi ni kata, na kwamba mwanakarate hashambulii wa kwanza.

Vita inachukua kila kitu

Miaka ya 1930 wafuasi wake walichanga fedha wakamjengea ukumbi, ukaitwa Shotokan. Mwaka 1945 uliteketea kwa mabomu. Mwaka huohuo mwanawe Gigo, aliyekuwa msaidizi wake mkuu, akafariki kwa kifua kikuu. Vita ya Okinawa iliua takriban watu 200,000, wakiwemo raia wengi. Mke wake alihamishwa kutoka kisiwani, na Funakoshi akamfuata huko Oita, katika kisiwa cha Kyushu. Waliishi pamoja kwa shida mpaka mke alipofariki mwaka 1947. Mzee akarudi Tokyo na kuanza tena kufundisha.

Katika miaka hiyo ya njaa, mtu mmoja alijaribu kumpora njiani. Mzee alikwepa, akamkamata na kumkabidhi kwa polisi. Badala ya kujisifu aliona aibu, kwa sababu alitumia mkono wake kwa mtu ambaye huenda alikuwa ametoka vitani na hana chakula.

Funakoshi alifariki mwaka 1957, akiwa na miaka 88.

Kwako unayefanya mazoezi

Ukianza leo, fuata mwendo wake: msingi kwanza, kupigana baadaye. Pasha mwili moto. Chagua uwanja usio na mawe. Mnapofanya mazoezi ya wawili wawili, kubalianeni nani anapiga na nani anakinga, na ngumi isimame kabla ya kugusa uso. Vaa kinga ya meno, na wavulana wavae kinga ya sehemu za siri. Aliyepigwa kichwani akapata kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau, aache mazoezi siku hiyohiyo na aende kituo cha afya. Asirudi uwanjani mpaka mhudumu amruhusu.

Nawe mzazi, nenda ukamwone mwalimu akifundisha. Akiwafundisha watoto kuepuka ugomvi kabla ya kuwafundisha kupiga, huyo anafuata njia ya mzee wa Shuri.