Helene Schjerfbeck: Mchoraji aliyejulikana kwao, akasahauliwa ugenini

MWAKA 1939, picha za mchoraji wa Ufini, Helene Schjerfbeck, zilikuwa zimepangiwa kwenda kuonyeshwa Marekani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikazuka na mpango huo ukavunjika. Miaka 86 baadaye, Desemba 5, 2025, jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan, jijini New York, lilifungua maonyesho ya karibu kazi 60 za mama huyo, yaliyopangwa kuendelea hadi Aprili 5, 2026.

Nchini mwake hakuhitaji kutambulishwa. Siku aliyozaliwa, Julai 10, ndiyo Siku ya Sanaa ya Uchoraji nchini Ufini. Nje ya mipaka ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya, hata hivyo, ni wachache waliolijua jina lake.

Schjerfbeck alizaliwa Helsinki mwaka 1862, wakati Ufini ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Akiwa na umri wa miaka minne alianguka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, akabaki akichechemea maisha yake yote. Kwa kuwa hakuweza kwenda shule kama watoto wengine, alijifariji kwa kuchora. Kipaji hicho kilionekana mapema, na akiwa na miaka 11 alipokelewa katika shule ya uchoraji ya Chama cha Sanaa cha Ufini bila kulipa ada. Baba yake, aliyekuwa mtumishi katika karakana ya reli, alifariki dunia mwaka 1876.

Mwaka 1880 alichora picha ya askari aliyejeruhiwa, ameachwa peke yake kwenye theluji. Chama cha Sanaa kiliinunua, naye akapata ruzuku ya kwenda kusoma Paris. Kutoka Ufaransa alivuka hadi St Ives, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 1888 alichora picha ya mtoto anayepata nafuu baada ya kuugua, ameshika kijiti kinachochipua. Picha hiyo ilimpatia medali ya shaba katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889.

Njia ilielekea kumnyookea, lakini haikuwa hivyo. Alirejea kufundisha Helsinki, afya ikamsumbua, na mwaka 1902 akahamia mji mdogo wa Hyvinkää kumtunza mama yake. Kwa takriban miaka 15 hakukanyaga tena Helsinki. Mambo mapya ya sanaa ya Ulaya aliyafuatilia kupitia majarida, huku akichora majirani, washonaji na mama yake mwenyewe. Hatua kwa hatua aliacha kuonyesha kila kitu, akabakiza mistari michache na rangi tulivu.

Mwaka 1913 mfanyabiashara wa sanaa, Gösta Stenman, alimfuata huko huko. Mwaka 1914 Chama cha Sanaa kiliwaagiza wasanii tisa wajichore wenyewe, naye akawa mwanamke pekee kati yao. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Helsinki mwaka 1917, akiwa na miaka 55. Ni Stenman huyo aliyempangia safari ya Marekani iliyokatizwa na vita.

Mwaka 1944 alihamishiwa Saltsjöbaden, nchini Uswidi, akaishi hotelini. Alikuwa amezeeka na ugonjwa ulimdhoofisha, lakini brashi hakuiweka chini. Katika miaka miwili ya mwisho alijichora zaidi ya mara 20. Hakujipamba: mashavu yalibonyea, macho yakawa mashimo, na mwishowe uso ukakaribia kuwa fuvu. Alifariki dunia Januari 23, 1946, akiwa na miaka 83, akazikwa Helsinki.

Sehemu kubwa ya kazi zake ilibaki Ufini, hasa katika jumba la Ateneum, na hiyo ni sababu mojawapo ya ugeni wa jina lake kwingineko. Chuo cha sanaa cha Royal Academy cha London kilimfanyia maonyesho mwaka 2019, kisha ikafuata zamu ya New York.

Nyuso zile alizozichora kwenye chumba cha hoteli, bila kujua nani angezitazama, hatimaye zimepata watazamaji ng'ambo ya bahari aliyozuiwa kuivuka kwa kazi zake.