Johnson alionyesha kwamba neno hujulikana ndani ya sentensi

Mwanafunzi hufungua kamusi kwa haraka, akaona kwamba neno 'notorious' linamhusu mtu anayejulikana sana. Kesho yake, katika insha ya Kiingereza, humsifu mwalimu wake mpendwa kwa neno hilo hilo, asijue kwamba hutumiwa kwa mtu aliyevuma kwa ubaya. Kosa hili ni la kila siku shuleni, na dawa yake imo katika maisha ya Samuel Johnson.

Johnson alizaliwa mwaka wa 1709 mjini Lichfield, Uingereza. Baba yake alikuwa muuza vitabu ambaye biashara yake haikustawi. Mwaka wa 1728 kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, lakini ufukara ukamtoa baada ya mwaka mmoja na ushei, bila shahada. Baadaye alifungua shule. Ikapata wanafunzi wachache mno, ikafa. Mwaka wa 1737 alishika njia kwenda London, akawa anajikimu kwa kalamu yake.

Mwaka wa 1746 wauza vitabu wa jiji hilo walipatana naye atunge kamusi ya Kiingereza. Alikadiria kuimaliza kwa miaka 3. Ikamchukua kama miaka 9. Wasaidizi wake walikuwa 6 tu, na mnamo 1752, kazi ikiwa bado haijakamilika, mkewe aliaga dunia.

Utaratibu wake ndio unaotuhusu sisi. Johnson hakuridhika kubuni maana kichwani. Alisoma vitabu vya waandishi waliosifika, akipiga mstari chini ya neno alilolitaka, nao wasaidizi wakanakili sentensi iliyolibeba. Maana aliipima kwa matumizi hayo. Kamusi ilipotoka mwezi wa Aprili 1755, ilikuwa na maneno zaidi ya 42,000 na mifano ipatayo 114,000. Kitenzi kifupi 'take' peke yake kilipewa maana 134. Ikiwa neno linalojulikana hata na mtoto mdogo lina sura nyingi hivyo, itakuwaje kwa neno tuliloliona jana tu?

Hata bingwa huyo aliteleza. Neno 'pastern', ambalo ni sehemu ya mguu wa farasi iliyo juu kidogo ya kwato, alilieleza kuwa ni goti. Bibi mmoja alipomwuliza sababu, Johnson hakutafuta kisingizio. Alikiri kuwa hakujua.

Alifariki mwaka wa 1784, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Maskini aliyeondoka chuoni mikono mitupu alilazwa miongoni mwa watukufu wa taifa lake.

Walimu wetu, basi, wasitosheke kuandika ubaoni orodha ya maneno magumu na maana zake. Kila neno na liletwe pamoja na sentensi mbili tatu kutoka vitabuni. Naye mwanafunzi, kabla ya kulitumia, ajiulize: je, neno hili husifu au hulaumu? Hufuatana na maneno gani? Ni la barua rasmi au la mazungumzo? Asipopata jibu, atumie neno alizoealo, au amwendee mwalimu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.