Ririkumutima, Mama wa Nyumba ya Mwezi

Jioni moja tulipokuwa tukidurusu historia, rafiki yangu mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alinisikia nikiyakariri majina ya wafalme wa Burundi kwa kufuatana kwake: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha tena Ntare. Akaniuliza kama watu hao hawakuwa na mama. Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, lakini jibu sikuwa nalo, na jambo hilo likanikaa moyoni. Nilipokwenda likizo kwetu Gasorwe nikawauliza wazee, nao wakanitajia jina la Ririkumutima. Wengine walilitaja kwa heshima, na wengine walishusha sauti.

Yafaa kwanza nieleze desturi. Zamani katika nchi yetu Mwami hakutawala peke yake. Alipotawazwa, mama yake naye alipewa cheo, akaitwa Mugabekazi. Alikuwa na ua wake, ng'ombe wake na watu wake, na neno lake lilisikiwa katika baraza. Mtoto wa kurithi ufalme alisemekana huzaliwa ameshika mbegu mkononi, na kwa hiyo mke wa mfalme hakuweza kujichagulia tu mwana wa kumweka kitini. Tafadhali msomaji ulikumbuke neno hili, maana nitalirudia.

Ririkumutima alikuwa wa ukoo wa Abanyakarama. Aliolewa na Mwezi Gisabo, aliyetawala zaidi ya miaka 50, akawa kipenzi chake kati ya wake wengi. Si rahisi kuwa kipenzi katika nyumba yenye wake wengi, na tena nyumba ile ilikuwa na taabu zake. Maconco, aliyekuwa ameoa binti wa Mwezi, alimwasi mkwewe akawaendea Wadachi. Kilima naye aliasi upande wa magharibi. Mwaka wa 1903 Kapteni von Beringe akaja na askari wake na bunduki zake, na waasi hao wawili wakiwa pamoja naye. Mwami mzee akakimbia huku na huku, hata tarehe 6 Juni mwaka ule akakubali masharti huko Kiganda, akatozwa ng'ombe 424. Sisi wanafunzi huisoma Kiganda kama habari ya mataifa mawili. Lakini kwa mama wa nyumba ile ilikuwa pia habari ya mkwe aliyeleta wageni mlangoni.

Mwezi alifariki mwezi wa Agosti 1908. Mrithi wake, Mbikije, aliyeitwa Mutaga wa Nne, alikuwa kijana wa miaka kama 15. Hapa ndipo wazee wanaposhusha sauti. Kwa masimulizi ya wengi Mutaga hakuwa mtoto wa tumbo la Ririkumutima. Mama yake mzazi alikuwa mke mwingine wa Mwezi, jina lake Ntibanyiha. Yeye hakukaa katika kiti cha Mugabekazi. Aliyekaa ni Ririkumutima. Husemwa kwamba alimwondoa mwenzake duniani ili apate cheo kile. Mimi sikuwapo, na walionisimulia hawakuwapo. Ila nimeona hata kwenye milima yetu kwamba mwanamke akifiwa na mke mwenziwe, kisha akawalea watoto walioachwa na kuzishika mali, maneno hayakosekani.

Basi akaishika nchi kwa niaba ya kijana, na haikuwa nchi tulivu. Wana wa marehemu Mwezi walikuwa watu wazima wenye milima yao na majeshi yao. Mkubwa wao kwa nguvu alikuwa Ntarugera, mtoto wa mama mwingine, ambaye hakupenda kuamriwa na mke wa baba yake. Upande wetu huu wa kaskazini-mashariki, Batare, yaani uzao wa Ntare Rugamba, akina Mbanzabugabo, walikuwa hawawatii wana wa Mwezi hata kidogo. Na juu ya wote walikuwapo Wadachi, ambao mwaka wa 1912 walijenga boma lao Gitega, karibu kabisa na ua wa Mwami.

Sitaki kumpamba. Alipopata nafasi ya kugawa milima, aliwatazama kwanza watoto wake mwenyewe, Nduwumwe na nduguze, na wengine wakanyang'anywa ili hao wapate. Hilo lilileta uchungu mwingi, wala siwezi kulitetea. Mama akimpakulia mwanawe nyama zote, wale wengine hawatasahau hata wakizeeka.

Lakini sasa twende Rwanda kidogo, kwa jirani. Huko mwaka wa 1896, baada ya Kigeri Rwabugiri kufa, ufalme ulikuwa wa Rutarindwa, na Kanjogera alikuwa amewekwa kuwa mama yake wa kulea. Kanjogera na ndugu zake walimgeukia kijana yule. Wakapigana Rucunshu, Rutarindwa akafa ndani ya nyumba yake iliyokuwa ikiteketea, na Musinga, mtoto wa Kanjogera mwenyewe, akapewa kiti. Habari hiyo haikuwa ya mbali, na miaka 12 tu ilipita kabla Ririkumutima hajapata nafasi iliyofanana nayo. Yeye pia alikuwa mama wa kulea, alikuwa na wana wake wakubwa, na watu wa kumfuata hawakukosekana. Wala hakumtoa Mutaga. Alikaa nyuma yake miaka 7.

Mwezi wa Novemba 1915 Mutaga akafariki, bado kijana. Wadachi waliambiwa kuwa ni homa. Wazee husimulia kwamba aligombana na ndugu yake Bangura kwa ajili ya mambo ya nyumbani, wakajeruhiana, wakafa wote wawili. Ikiwa ndivyo, basi bibi huyu alizika ndugu wawili wa nyumba moja kwa ugomvi mmoja, na huku nje Wazungu wakipigana vita vyao vikubwa mipakani mwetu.

Kiti kikawa wazi kwa mara ya pili, na Nduwumwe alikuwa mtu mzima mwenye nguvu. Hata hivyo aliyetawazwa ni Bangiricenge, mtoto wa Mutaga, aliyekuwa na miaka kama 3, akaitwa Mwambutsa. Rafiki yangu wa Kongo, niliposoma naye habari hizi, alinibishia. Alisema kwamba mtoto mchanga ndiye anayemfaa zaidi mtu anayetaka kutawala mwenyewe, na tena desturi ile ya mbegu ilimfunga mikono. Huenda. Lakini desturi ilikuwapo Rwanda pia, na haikuwazuia watu wa Rucunshu. Mimi naona alipenda wanawe wapate milima, ila kiti cha Mwezi alikiacha kwa uzao aliokabidhiwa.

Mwezi wa Juni 1916 Wabelgiji waliingia Gitega, na Wadachi wakaondoka. Bibi huyu, aliyekwisha kuwaona wageni wa kwanza wakimfukuza mumewe, sasa aliwapokea wa pili akiwa na mjukuu wa kumtunza. Hakukaa nao sana. Alifariki mwezi wa Julai 1917. Baada yake mtoto aliangaliwa na baraza la wakubwa, na ndani yake wakakaa Ntarugera na Nduwumwe, mahasimu wa jana. Sehemu ya Bugufi, upande wa pili wa mpaka wetu, ikakatwa ikapewa Tanganyika. Mwambutsa yule, aliyeshikwa mkono na bibi yake mwaka wa 1915, alidumu katika ufalme hadi mwaka wa 1966.

Msomaji akipita Muramvya na aulize njia ya kilima cha Mpotsa. Huko ndiko walikozikwa akina mama wa wafalme wa Burundi. Wafalme wenyewe walizikwa kwingine, Nkiko-Mugamba, upande wa kaskazini.