Aga Khan wa Tatu na Nyumba ya Mtu Asiye na Dhamana



Wengi wetu tuliotoka Kasese tumelelewa katika nyumba zilizojengwa kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati Mungu akijaalia. Pale Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, kilichozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, mzee anaweza kuvua miaka 30 na bado asipate mkopo wa kujenga vyumba viwili. Benki inataka hati ya ardhi na mshahara unaoonekana kwenye karatasi. Ardhi ya ukoo mara nyingi haina hati, na pesa ya samaki haina risiti. Muuza nguo wa Bwera naye hukutana na maswali hayo hayo. Na hata anayekubaliwa, mlangoni anangojwa na riba.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Miaka 80 iliyopita kuna mtu aliyelishughulikia kwa ajili ya watu wake.

Sultan Muhammad Shah alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake alifariki mwaka 1885, na yeye, kabla hajatimiza miaka 8, akawa Imamu wa 48 wa Waismailia, Aga Khan wa Tatu. Dunia ilimjua kwa mengi: rais wa kwanza wa Jumuiya ya Waislamu wa India iliyoanzishwa mwaka 1906, mchangishaji mkubwa wa Chuo Kikuu cha Aligarh, na rais wa Baraza Kuu la Shirikisho la Mataifa mwaka 1937. Ila sisi tunamtafuta huku kwetu.

Alifika Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1899. Wafuasi wake walikuwa wahamiaji kutoka Gujarat na Kutch, wengi wao wenye maduka madogo, kuanzia Zanzibar hadi miji ya ndani ya Uganda. Mtu alilala nyuma ya duka lake na kulipa kodi mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 1937 wafuasi hao walimpima kwa dhahabu jijini Nairobi kuadhimisha miaka 50 ya uimamu wake, na mwaka huo huo kampuni ya bima ya Jubilee ikafunguliwa Mombasa. Tarehe 10 Agosti 1946 alipimwa kwa almasi Dar es Salaam. Uzito wake ulikuwa ratili 243 na nusu, karibu kilo 110. Magazeti yaliandika habari za almasi. Yenye faida kwetu ni yaliyofuata: thamani ya zawadi ile hakuiweka mfukoni, aliirudisha kwa jamaa. Ukaimarishwa mfuko wa Diamond Jubilee Investment Trust, na wenye maduka wakanunua hisa kwa akiba zao.

Mfuko ulikopesha vyama vya ushirika, na vyama vikawakopesha wanachama kwa masharti nafuu. Hapo ndipo penye siri. Chama kinamjua mwombaji: duka lake, tabia yake, deni alilolipa na alilolikimbia. Mtu ambaye benki ya Kizungu haikumtazama alipata nyumba na kuilipia kila mwezi. Mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo katika miaka ya 1950. Mfuko wenyewe ndio uliozaa benki ya Diamond Trust tunayoiona leo Kampala na Nairobi.

Hatuandiki kumsifu tu. Mikopo ile ilikuwa na riba, japo ndogo, na hukumu ya riba mnaijua. Tena ilikuwa ya wafuasi wake. Waislamu Waafrika walifikiwa kwa mlango mwingine: Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945, ambamo alichangia kiasi sawa na walichochanga Waislamu wenyewe. Hapa Uganda Mwanamfalme Badru Kakungulu alikuwa nguzo yake. Jumuiya ilijenga misikiti na shule, na wengi wetu ni wajukuu wa shule hizo. Lakini nyumba ya mvuvi haikuguswa.

Aga Khan alifariki Uswisi tarehe 11 Julai 1957, akazikwa Aswan, Misri. Miaka sita baadaye, mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr huko huko Misri, mchumi Ahmad El-Naggar alifungua benki ya akiba ya wakulima na mafundi, iliyokopesha bila riba. Kwa hiyo hata sehemu ile iliyokosewa ilipata wa kuijaribu.

Sisi je? Sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni. Sasa benki inaweza kununua nyumba kwa ubia na mteja, naye akainunua sehemu ya benki polepole. Riba imepata jibu. Dhamana bado: benki ya halali nayo itauliza hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu hati ya umiliki wa kimila. Wangapi kwetu wanajua namna ya kuiomba?

Wewe unayesoma sheria, likizo hii msaidie mzee mmoja kufuatilia hati hiyo. Wewe wa uhasibu, waoneshe watu wa msikiti wako namna ya kuandika daftari la akiba ya pamoja. Wale wenye maduka hawakungoja mtu mwenye almasi. Walikuwa wameshaanza kuweka akiba.

Allah atujaalie mikono inayoaminika katika mali za watu. Amin.