Wangila: Bingwa wa raundi tatu aliyesimamishwa katika ya tisa

ROBERT Napunyi Wangila bado yuko peke yake katika historia ya michezo nchini. Tangu Kenya iingie katika Michezo ya Olimpiki mnamo 1956, medali zake zote za dhahabu zimeletwa na wanariadha, isipokuwa moja. Hiyo ni ile aliyoitwaa mwanamasumbwi huyu jijini Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988. Haikupita miaka sita kabla ya kuaga dunia akiwa na umri wa miaka 26.

Marehemu alizaliwa jijini Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Alikua wakati ambapo ndondi za ridhaa zilikuwa na mizizi mirefu nchini. Vijana walianza kurusha makonde katika kumbi za mitaani, na waliong'aa wakachukuliwa na timu za Polisi, Magereza, Jeshi na mashirika makubwa. Huko walipata kocha, wapinzani wa kuwanoa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ilikuwa shule kamili ya ndondi, ingawa haikuwa na kengele wala ubao.

Matunda ya shule hiyo yalionekana Agosti 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika. Mabondia wa Kenya walizoa dhahabu nyingi, na Wangila akatwaa yake katika uzani wa welta.

Mwaka uliofuata alivuka mipaka ya bara. Katika fainali ya Seoul alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani na kumwangusha kwa nokauti katika raundi ya pili. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kunyakua dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Mwenzake Chris Sande alirudi na shaba ya uzani wa kati.

Kenya ilipata dhahabu tano katika michezo hiyo. Nyingine nne zilitoka kwa wakimbiaji Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ereng alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Virginia, naye Rono alisomea Mount St. Mary's, jimboni Maryland. Wawili hao walikimbia huku wakisoma, chini ya makocha wa vyuo vyao. Wangila alikwenda Marekani pia, lakini mlango wake ulikuwa mwingine. Aliingia kama bondia wa kulipwa mnamo 1989, na mtaji wake ulikuwa ngumi zake.

Hapa ndipo penye swali ambalo kisa chake kimetuachia: je, ndondi za ridhaa zilimwandaa vipi kwa maisha aliyoyaendea?

Pigano la Olimpiki wakati huo lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu kila moja, na bondia alivaa kofia ya kumkinga kichwa. Wepesi na konde la mapema vilitosha kuleta ushindi. Katika ndondi za kulipwa kofia huvuliwa, na mapigano makubwa hufika raundi 10 au 12. Bondia hulazimika kupima pumzi zake, kustahimili makonde ya mbavuni na kujua wakati wa kurudi nyuma. Nje ya ulingo kuna mikataba, mapromota, mameneja na madaktari. Mambo hayo hayakufundishwa katika kumbi za Nairobi, na hapakuwa na ngazi ya kutosha ya mapigano ya kulipwa nyumbani ambayo kijana angeipanda polepole.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba hakufunzwa kitu. Katika mapigano 27 ya kulipwa alishinda 22, na 16 kati ya hayo yalimalizika kwa nokauti. Mkono uliomwangusha Boudouani haukupoteza nguvu zake ng'ambo. Hata hivyo, ubingwa wa dunia haukumjia.

Boudouani yuleyule alirudi kwao, akajengwa katika ulingo wa Ufaransa na Ulaya, na mnamo 1996 akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBA. Aliyeshindwa Seoul alifika kilele ambacho mshindi hakukifikia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Usiku wa Julai 22, 1994, Wangila alipanda ulingoni katika hoteli ya Aladdin jijini Las Vegas kupigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa, mwamuzi Joe Cortez alisimamisha pigano. Wangila alipinga uamuzi huo, akiamini kwamba angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimika katika chumba cha kubadilishia nguo, na mnamo Julai 24 akafariki.

Kifo cha ulingoni kimewapata pia mabondia walioandaliwa vyema kuliko yeye, na haifai kuwatwika lawama makocha waliomlea. Walimpa walichokuwa nacho, nacho kilitosha kumfikisha juu ya Olimpiki. Lililokosekana ni mkono wa kumshika baada ya pale: mtu wa kumsomea mkataba, wa kumchagulia wapinzani kwa hatua, na wa kumwambia kwamba mwamuzi anapolisimamisha pigano huenda anaokoa maisha.

Leo kijana wa Kawangware, Kangemi au Dagoretti anayepanda matatu kwenda mazoezini katikati ya jiji huambiwa kwamba ngumi zitamtoa mtaani. Zilimtoa Wangila. Wanaomfunza kijana huyo kurusha konde wana deni la pili: kumfunza anakokwenda, na jinsi ya kurudi nyumbani akiwa salama.