Henry Moore, mtoto wa mchimba makaa

Wandugu wa mgodi na jamaa zenu, leo tunawaletea habari ya Mwingereza mmoja ambaye baba yake alikuwa anatumika kama ninyi. Henry Moore alizaliwa mwaka 1898 katika muji wa Castleford, mtoto wa saba kati ya nane. Baba yake alitumika katika mgodi wa makaa ya mawe wa Wheldale. Mzee hakutaka watoto wake wamfuate shimoni, alitaka wasome. Henry aliposema anataka kuchonga sanamu, baba akamjibu kwamba kwanza apate kazi ya ualimu. Kijana akatii, akafundisha kidogo.

Mama yake alikuwa na maumivu ya mgongo, na Henry njo aliyemsugua na dawa. Sanamu zake nyingi za baadaye zina migongo mipana ya wanawake, sisi hatushangai.

Kisha vita. Mwaka 1917, kule Cambrai, gesi ya sumu ikamshika. Alipona, na kwa kuwa alikuwa askari, akapata feza za kusomea uchongaji: Leeds mwaka 1919, London mwaka 1921. Walimu walipenda sanamu za Wagiriki wa zamani. Yeye alikimbilia British Museum kutazama kazi za Mexico na za Afrika. Pale aliona kwamba mchongaji anaweza kupiga patasi moja kwa moja ndani ya gogo, bila kuiga sura ya muntu kabisa. Kichwa kidogo, ao kikubwa, si kosa.

Alikuwa anaokota mifupa na mawe ya mto, anayatazama sana. Mwaka 1936 akachukua gogo la elm, mti mkubwa wa kwao, akachonga mwanamke aliyelala. Nyuzi za mbao zinafuata mwili wote, na katikati kuna matundu: unaona ngambo ya pili. Ni mwanamke, lakini ni kama vilima na mapango pia. Watu wengi walicheka.

Wakati wa vita ya pili, karibu mwaka 1942, serikali ilimtuma kuchora wachimbaji. Akarudi Wheldale, mgodi wa baba yake, ambaye alikuwa amekufa tayari. Akatambaa nao gizani, akachora vifua wazi, vumbi, taa ndogo.

Alikufa mwaka 1986. Ile sanamu ya 1936 iko Wakefield, si mbali na Castleford.